Matairi ya Kuazima

Doketa aliliona lile basi kabla halijafika kwenye mkia wa foleni, na moyo ukamruka kama wa mtu aliyesikia jina lake likisomwa kwenye wosia. Lilikuwa basi dogo la wanafunzi, rangi ya ndimu iliyoiva, limeandikwa NIDHAMU mgongoni kwa herufi kubwa, na matairi yake yote manne yalikuwa vipara. Wala si vipara vya kuanza, vya mtu anayejificha chini ya kofia. Vilikuwa vipara vya ustaafu, vinang'aa, ukiinama unajiona.

"Riziki hiyo," akamwambia Jeki, shemeji yake.

Jeki alikuwa kaka wa mkewe, mtu mfupi mwenye mabega ya mlango, na jina hilo alipewa siku alipoinua gari kwa mgongo ili wasimsubiri mwenye jeki. Akalikodolea basi macho, akatikisa kichwa. "Saizi kubwa ile. Yetu haiingii."

"Riziki haina saizi, shemeji. Saizi ni ya viatu."

Ni vyema tueleze kazi ya Doketa, maana mwenyewe akiulizwa husema yuko kwenye sekta ya usalama barabarani, kisha hubadili mazungumzo.

Kila mwaka, kila mwenye gari katika mji ule huitwa athibitishe kwamba gari lake bado ni gari. Anaanza kwenye dirisha la bima, ambako anaambiwa alete kwanza cheti cha ukaguzi. Anakwenda kwenye ukaguzi, anaambiwa alete kwanza bima. Akikaribia kulia anaelekezwa dirisha la leseni ya barabara, ambako wanataka vyote viwili pamoja na picha zake ndogo, kana kwamba gari linasafiri ng'ambo. Mzunguko huo una mlango mmoja tu wa kutokea, nao umo mfukoni mwako.

Na hiyo ada ya barabara tunaikumbuka ilivyozaliwa. Tuliambiwa ni ya muda, mpaka daraja likamilike. Daraja likakamilika, likakatiwa utepe, likazeeka, likafungwa lisije likaangukia watu. Ada yenyewe bado kijana, ndiyo kwanza inaota ndevu. Mashimo tuliyokuwa nayo siku ile tumebaki nayo, na sasa yana wajukuu. Wanaotaka kusahau wasahau.

Sasa, ukaguzi ndipo wengi walipoanguka, na walianguka kwa matairi. Kwa bei ya matairi manne mapya mtu anafanya harusi na chenji inabaki. Doketa aligundua hilo akiwa kwenye foleni na gari lake mwenyewe, zamani zile lilipokuwa linatembea. Alikuwa na matairi mapya. Jirani yake kwenye foleni alikuwa na vipara na machozi. Wakaelewana. Jeki akafungua huku, akafunga kule, jirani akapita, akalipa ahsante nono, na Doketa akasimama pale akiyatazama matairi yake kwa macho mapya, kama baba anayegundua kwamba watoto wake wanaimba.

Tangu siku hiyo gari la Doketa limekaa nyumbani juu ya mawe. Halina usajili, halina bima, na kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Matairi yake, lakini, yako kazini kila siku. Nyuma ya ukuta wa yadi ya ukaguzi kuna ghala lisilo na paa. Gari linaingia humo na vipara, linatoka limevaa, linakaguliwa, linarudi linavua. Jeki alimaliza kubadilisha yote manne kabla mwenye gari hajamaliza kuisema serikali, na maneno hayo si machache. Wateja walitoka wakisema Doketa ameliponya gari. Ndiyo asili ya jina.

Mkaguzi mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache na mfuko mpana. Tairi moja katika yale manne lilikuwa na doa la rangi ya buluu. Kila lilipoingia, Mkaguzi aliligusa kwa ncha ya kiatu, akaangalia mawingu, akaliambia tairi, si mtu, "Karibu tena." Jioni Doketa alimshukuru kwa njia inayoeleweka. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Wahenga hawakumjua mkaguzi yule.

Basi, turudi kwenye basi.

Alishuka mama mmoja wa makamo, mrefu, sauti ya chini kama ya mwalimu mkuu aliyestaafu bila kupenda. Mji mzima ulimwita Bi Nidhamu kwa sababu ya maandishi yale ya mgongoni. Alikuwa na mabasi sita, yote ya kubeba wanafunzi, na alisemekana kuwa hajawahi kumpigia mtu kelele wala kumlipa fundi mara ya kwanza anapoombwa.

Doketa alimwamkia kwa kuinama nusu, akampa pole ya foleni, pole ya jua na pole ya nchi kwa jumla. Bi Nidhamu akazipokea zote. Akaeleza kwa upole kwamba bima ya mabasi yake inakwisha, kwamba bila cheti haitoki mpya, na kwamba matairi yamepanda bei mno kwa mjane. Doketa akamwambia asihangaike. Akamweleza matibabu. Kisha, ili kuukaza mkataba kwa msumari mmoja wa huruma, akaweka mkono kifuani.

"Mama, mimi pia ni mzazi. Nina binti wa darasa la pili. Kila asubuhi anatembea kwa miguu kando ya barabara kuu, na mimi roho iko juu mpaka arudi. Siwezi kuona basi la watoto linazuiwa kwa ajili ya makaratasi."

Hili lilikuwa kosa. Doketa hakuwahi kuchanganya ukweli na kazi. Kwa wateja alishakuwa yatima, mfiwa, binamu wa waziri, hata mhandisi aliyefukuzwa kwa kusema kweli. Lakini siku hiyo ulimi ulikuwa umechoka kubuni, ukachota kilichokuwa karibu.

"Maskini," alisema Bi Nidhamu. "Anasoma wapi mrembo huyo?"

Doketa akataja shule.

"Na nyumbani ni pande zipi?"

Akataja, hata na duka la kona.

"Mungu amkuze," alisema Bi Nidhamu, na akafunga mkoba wake kama mtu aliyekwisha kununua alichokuja kununua.

Mkataba ulikuwa mtamu hivi: mabasi sita yapite kwa zamu, na yakimaliza, wenziwe wote wa chama cha wasafirisha wanafunzi waletwe na Bi Nidhamu mwenyewe, kwa mkono wake. Malipo yatakuja pamoja, mabasi yote yakishapita, maana mama hapendi kulipa vipande vipande. Kilichotakiwa ni seti moja ya matairi ya saizi ile. Jeki alimvuta shemeji yake pembeni akamnong'oneza kwamba hawana seti hiyo. Doketa akamnong'oneza kwamba wataipata.

Aliipata kwa kuvunja akiba ya nyumbani, ile iliyofichwa ndani ya mtungi, ambayo mkewe alikuwa akiitunza ili gari lao lishuke kwenye mawe: usajili, bima, matairi. Hakumwambia. Alijiambia kwamba chama kizima kikishapita, mtungi utajaa mpaka utapike. Mtu mwenye tamaa hafanyi hesabu. Anaota ndoto zenye tarakimu.

Basi la kwanza lilivaa matairi mapya ghalani, likapita mbele ya Mkaguzi kama bibi harusi. Mkaguzi aliinama, akatafuta doa la buluu, asilione, akamtazama Doketa kwa jicho la kusalitiwa. Doketa akamtuliza kwa njia inayoeleweka. Stika ikabandikwa kwenye kioo cha mbele.

Walipotoka, Jeki alikuwa ameshika spana tayari. Bi Nidhamu akatazama saa yake, akashika shavu. Watoto wanatoka shule, alisema, na dereva amechelewa tayari. Litembee jioni hii tu, kesho asubuhi waje kwake wavue. Doketa akaanza kueleza kwamba utaratibu wa kazi hauruhusu.

"Mwanangu, tairi litakimbilia wapi?" aliuliza Bi Nidhamu. "Shika vipara vyangu viwe rehani."

Hivyo ndivyo Doketa, mjanja aliyewazidi akili wenye magari wa mji mzima, alivyorudi nyumbani na mkokoteni wa mpira uliokwisha, akiusukuma yeye na shemeji yake, na kuushukuru.

Asubuhi yake alikuwa anafunga kamba za viatu aende kwa Bi Nidhamu, honi ikalia nje. Mkewe akapita mbio na begi la shule, akamsukuma binti mlangoni huku akimfunga kola.

"Usisimame dirishani. Ukimwona shangazi wa basi, umwamkie."

Doketa akatoka nyuma yao, kiatu kimoja mguuni. Kwenye kona ya duka lilisimama basi la rangi ya ndimu. Binti alikuwa amekwisha kupanda, anapunga mkono akiwa nyuma ya kiti cha dereva, meno ya mbele hayapo, amefurahi mpaka masikio. Ndani kulikuwa na watoto wa mtaa mzima. Mmoja alikuwa amebandika ulimi kwenye kioo.

Mkewe alimweleza kwa pumzi moja habari aliyoificha usiku kucha ili imshangaze. Jana alasiri alikuja mama mmoja wa heshima zake, kakaa pale pale kwenye kigoda, akasema baba wa mtoto ndiye anayeshughulikia usalama wa mabasi yake, na kwa shukrani anampa binti nafasi bila malipo mpaka mwaka wa shule uishe.

"Miaka yote hii watu wakiniuliza mume wangu anafanya kazi gani nakohoa," alisema mkewe. "Jana nimesikia mtu mzima ananiambia una kazi." Akamrekebishia shati begani, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. "Gari tunalo, miguu tunayo, na mtoto alikuwa anatumia miguu. Sasa kapanda. Tena nimeangalia mwenyewe kioo cha mbele, stika ni ya jana."

Basi likaondoka. Doketa alitazama matairi yake mapya yakizunguka, yamekamata lami kwa meno yote, na kwa mara ya kwanza maishani aliomba yasitoke.

Ofisi ya Bi Nidhamu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya gereji, harufu ya grisi na sabuni. Alimkuta amekaa anashona kiti cha basi kilichochanika, sindano ndefu, miwani puani. Ukutani kulikuwa na bango: USALAMA KWANZA. Nje Jeki alikuwa ameegemea mkokoteni wa vipara.

"Nimekuja kuchukua matairi, mama."

"Chukua, mwanangu. Mali ni yako." Akakata uzi kwa meno. "Basi limerudi, lile pale. Vyangu umevileta?"

"Viko nje."

"Basi avifunge huyo kijana wako upesi. Mchana dereva ana safari ya kuwarudisha watoto, na mteremko ule wa sokoni mvua ikinyesha una utelezi."

Doketa hakuondoka.

"Mwanangu anapanda hilo basi," alisema.

"Najua. Nimemwandikisha mwenyewe. Mtoto msikivu."

"Nitamtoa."

"Mtoe. Wewe ndiye baba." Sindano ikaingia, ikatoka. "Mkeo atakuuliza sababu. Utamwambia basi ni bovu. Atakuuliza umejuaje, na mbona lina stika ya jana. Hapo sijui utamjibu nini. Mwenye maneno ni wewe. Na akishajua yeye, watajua mama zao wale wengine wote. Wanaijua nyumba yako. Wanalijua hata duka la kona."

Nje Jeki alikuwa akipiga mluzi. Doketa alimkumbuka yule mtoto wa kubandika ulimi kwenye kioo. Alitamani asingemkumbuka. Matapeli wengi wazuri wameharibiwa na kumbukumbu ndogo ya aina hiyo.

Bi Nidhamu akavua miwani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Doketa zaidi.

"Kila mwaka nalipa bima, mwanangu. Sijakosa hata mwaka mmoja. Basi langu lilipogongwa na lori, nilizungushwa madirisha mpaka viatu vikaisha, mwisho kijana mwenye tai akanisomea kwamba bima hailipi ila basi likigongwa likiwa limesimama. Nikarudi nyumbani nikakaa nikawaza: bima ya kweli ni nini? Nikaona ni kuwa na mtu ambaye jambo likitokea, litamuuma yeye kabla yangu. Nimemtafuta mtu huyo siku nyingi."

"Hilo moja basi," alisema Doketa. "Hilo la mwanangu, libaki nayo."

"Ahsante. Ila mabasi yangu nayazungusha. Leo hili linapita kwenu, kesho lile, madereva wasigombee njia nzuri. Hata mimi asubuhi sijui lipi litakwenda wapi."

Doketa alitoka nje. Jeki akanyanyua spana, akauliza waanze na tairi lipi.

"Hakuna tairi linalotoka."

Jeki alifikiri kwa muda. Hakuwa mtu wa haraka upande wa juu. "Shemeji, tumeibiwa?"

"Kuibiwa ni mtu aje akuchukulie," alisema Doketa. "Sisi tutampelekea wenyewe."

Na walimpelekea. Gari lililokuwa juu ya mawe liliuzwa kwa mtu wa vyuma chakavu, kuku wakahama kwa malalamiko. Matairi yale maarufu, lile lenye doa la buluu na ndugu zake, yaliuzwa kwa mwalimu mmoja aliyeyafunga kwenye gari lake akayaacha humo, na inasemekana siku za kwanza yalishangaa kulala kwenye gari moja. Doketa alikopa kwa ndugu, akakopa kwa ndugu wa ndugu, na basi moja baada ya jingine likavaa mpira wenye meno. Mkewe alipouliza gari liko wapi, alimjibu kwamba amewekeza kwenye usalama. Ulikuwa ukweli wa pili kuusema mwaka ule, na ulimgharimu kama wa kwanza.

Kisa kilichokuwa hakijakamilika kilikuwa cha Mkaguzi. Basi la mwisho lilipoingia yadi, halikupitia ghalani. Liliingia na matairi yake, taa zake, breki zake. Mkaguzi alilizunguka, akainama, akasimama, uso umekunjamana.

"Haya yanatoka saa ngapi?"

"Hayatoki, mzee. Ni ya basi."

"Yanabaki?"

"Yanabaki."

Mkaguzi akaangalia mawingu kwa muda mrefu, safari hii kweli akitafuta msaada. Gari bovu alijua namna ya kulipitisha. Kila kiungo kibovu kina bei yake inayojulikana. Gari zima halikuwa na pa kushikia. Mwishowe akasema hawezi kulipitisha, kwa sababu gari lisilo na kasoro lina jambo linalolificha. Doketa alibishana, akaapa, akataja sheria ambayo kwa bahati mbaya ilikuwepo kweli. Haikusaidia. Ikabidi amtulize kwa njia inayoeleweka, na hivyo ndivyo ilivyotokea katika mji ule, mbele ya macho ya watu wazima, mtu akatoa hongo ili matairi mazima yaitwe mazima.

Wazazi nao hawakukaa kimya. Kwenye mkutano wa shule walisimama mmoja mmoja wakamsifu Bi Nidhamu. Wakaguzi, wakasema, walikuwepo, ada tulilipa, bima tulikata, lakini mabasi salama tumeyaona kwa mama huyu peke yake. Alipewa cheti chenye fremu, na akakitundika chini ya lile bango la ukutani. Doketa alikuwa amekaa safu ya nyuma karibu na mkewe, aliyempigia makofi Bi Nidhamu mpaka viganja vikawaka, kisha akamgeukia mumewe akampiga na yeye kidogo, kwenye paja, kwa fahari.

Sisi tumelipa tangu siku za lile daraja. Tumebandika stika juu ya stika mpaka dereva anachungulia njia kama mtu wa tundu la ufunguo. Hatujawahi kuona afisa yeyote akipiga goti kwenye lami kuangalia tairi la basi la watoto. Ila ukipita kona ile ya duka asubuhi, utamwona mtu amepiga goti. Suruali imechakaa magotini. Anabonyeza tairi kwa dole gumba, anaingiza sarafu kati ya meno ya mpira kupima kina, anamwambia dereva akanyage breki, anasikiliza. Hata basi likiwa si la zamu ya binti yake, anasikiliza, kwa sababu kesho huenda likawa. Halafu anapiga ubavu mara mbili kwa kiganja, nenda.

Asubuhi moja dirisha lilifunguka juu yake, na binti akatoa kichwa, jino moja la mbele limeanza kuota.

"Baba, jana mwalimu alituuliza baba zetu wanafanya kazi gani. Mimi nikasema baba yangu anabonyeza matairi ya mabasi yasiue watoto."

Doketa akabaki ameshika tairi. "Mwalimu akasemaje?"

"Akasema hapana, hiyo ni kazi ya serikali."

Dereva akawasha basi. Doketa akainua mkono asiondoke. Alikuwa bado hajalipitia tairi la nyuma.